Zana za urejeshaji na nakala rudufu: kipi kinaokoa nini, na namna ya kuandaa vyote viwili

Kila kompyuta ya siku hizi inakuja na zana zake za kujitibu. Windows ina System Restore na Reset this PC, Mac ina macOS Recovery, na kwenye Linux wengi hutumia Timeshift. Ndiyo maana watu wengi hawaoni haja ya kununua diski nyingine na kuanza kunakili mafaili: kwani mashine si inajirejesha yenyewe? Inajirejesha, ndiyo, ila kinachorudi ni mashine. Tasnifu uliyoihangaikia miaka miwili, hesabu za biashara, picha za mtoto alipozaliwa, hivyo vyote havimo katika kazi waliyopewa zana hizo na waliozitengeneza. Tena zenyewe zinakaa ndani ya diski ileile ambayo kesho inaweza kufa, kuibiwa au kufungwa na virusi.

Ukitaka kujua umesimama wapi, jiulize swali moja. Kompyuta hii ikitoweka usiku wa leo, pamoja na kila kitu kilichochomekwa humo, kesho asubuhi utabaki na nini? Kama hutabaki na kitu, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya kutengeneza nakala, uimalize leo, ndipo urudi kusoma kuhusu zana. Mpangilio huo ndio ninaoutetea katika mwongozo huu wote: nakala kwanza, matengenezo baadaye. Watu wengi wanaopoteza data hawazipotezi siku kompyuta inapoharibika. Wanazipoteza saa chache baadaye, wakijaribu kuitengeneza huku mafaili bado yako ndani.

Zana za ndani zinafanya nini hasa

System Restore imekuwepo tangu Windows Me ya mwaka 2000. Inahifadhi hali ya mafaili ya mfumo, rejesta (hifadhi ya mipangilio ya Windows), draiva (programu zinazoendesha vifaa kama printa) na programu, ili draiva mbovu au sasisho lenye kasoro likivuruga mambo, uweze kuirudisha mashine ilivyokuwa kabla. Nyaraka zako haizigusi. Ukifuta barua Jumatatu kisha ukarejesha mfumo hadi Jumapili, barua hairudi. Programu ulizosakinisha baada ya Jumapili ndizo zitakazoondoka.

Kinachowashangaza wengi ni kwamba kwenye kompyuta nyingi za Windows 10 na 11 ulinzi huu unakuja ukiwa umezimwa. Mtu anafungua System Restore siku ya shida na kuambiwa hakuna pointi hata moja ya kurejesha. Usingoje siku hiyo. Kwenye kisanduku cha kutafutia andika "Create a restore point" na ufungue kinachotokea. Chagua diski C, bonyeza "Configure", weka alama kwenye "Turn on system protection", kisha sogeza kipimo cha nafasi hadi asilimia 5 au 10 ya diski. Rudi nyuma, bonyeza "Create" na upe pointi jina linaloeleweka, kwa mfano "kabla ya draiva ya printa". Fanya hivyo kila unapotaka kusakinisha kitu kinachogusa mfumo.

Reset this PC ni zana nzito zaidi, nayo inataka utulivu. Inasakinisha Windows upya, na mwanzoni kabisa inakuwekea mbele machaguo mawili: "Keep my files" na "Remove everything". La pili linafuta kila kitu. La kwanza linabakiza mafaili yaliyo ndani ya folda za akaunti yako, lakini programu zote ulizosakinisha mwenyewe zinaondoka, pamoja na mipangilio yake. Hapa ndipo penye mtego. Programu nyingi za hesabu, za duka na za barua pepe hazihifadhi data kwenye folda ya Documents. Zina folda zake kando, mara nyingi ndani ya ProgramData au AppData, mahali ambapo mtumiaji wa kawaida hajawahi kufika. Ukishaona maneno "Keep my files" utadhani mauzo ya mwaka mzima yako salama, kumbe ahadi hiyo haiyahusu. Baada ya hapo utaulizwa kama unataka Windows ipakuliwe kutoka intaneti au itolewe ndani ya kompyuta. Kupakua kunaweza kula data ya zaidi ya GB 4, lakini ndiko kunakofaa pale mafaili ya mfumo yenyewe yalipoharibika.

Zipo nyingine ndogo katika mazingira ya urejeshaji ya Windows: Startup Repair kwa Windows isiyofunguka, Uninstall Updates kwa sasisho lililoleta balaa, na Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, ambayo tutaitumia baadaye kwa kazi moja muhimu sana. Ukiwa ndani ya Windows unaingia huko kwa kushikilia kitufe cha Shift huku ukibonyeza "Restart". Kama Windows haifunguki, washa, na nembo ikitokea zima kwa kushikilia kitufe cha umeme. Rudia mara mbili au tatu, na mazingira hayo yatajitokeza yenyewe.

Kwenye Mac yenye chipu ya Apple, zima kisha shikilia kitufe cha kuwashia hadi machaguo ya kuanzia yatokee. Kwenye Mac za Intel, shikilia Command na R mara tu unapowasha. Ukisakinisha macOS upya kupitia hapo bila kufuta diski, mafaili yako hubaki. Timeshift ya Linux nayo, ukiiacha ilivyo, inahifadhi mfumo tu na kuziruka folda za nyumbani za watumiaji. Waliounda Timeshift walikusudia hivyo, lakini wengi hulijua hilo wakati wameshachelewa.

Mahali zinapogota

Diski ikifa, sehemu ya urejeshaji na pointi zote za kurejesha zinakufa nayo. Kompyuta ikiibiwa, vivyo hivyo. Faili likifutwa kwa bahati mbaya na kapu la takataka likamwagwa, zamani kulikuwa na nafasi nzuri ya kulifukua kwa programu maalumu. Kwenye diski za SSD, zile mpya zisizo na sahani inayozunguka, nafasi hiyo imepungua mno, kwa sababu mfumo huiarifu diski kwamba eneo lile halitumiki tena, nayo hulisafisha yenyewe.

Virusi vya kudai fidia ndivyo vinavyoonyesha udhaifu wa zana za ndani kuliko kitu kingine. WannaCry, iliyosambaa duniani mwezi Mei 2017, ilifanya kama zinavyofanya nyingi za aina yake: ilifunga mafaili kwa msimbo, na pia ikaamuru Windows ifute nakala za kivuli, yaani zilezile ambazo System Restore inazitegemea. Mwizi anayejua kazi yake anaanza na mlango wa kutorokea.

Kuna pia ufunguo wa BitLocker, zana ya Windows ya kufunga diski kwa msimbo. Kompyuta nyingi mpya zinakuja na diski iliyofungwa kwa msimbo bila mwenyewe kujua, na siku ukiingia kwenye urejeshaji unaulizwa ufunguo wenye tarakimu 48. Usipokuwa nao, hakuna fundi atakayekufungulia. Utafute sasa, wakati mashine inawaka. Fungua Command Prompt kama msimamizi na uandike:

manage-bde -protectors -get C:

Kama diski imefungwa utauona ufunguo hapo. Kwa wenye akaunti ya Microsoft, mara nyingi unahifadhiwa pia kwenye tovuti ya akaunti yao. Uandike au uuchape kwenye karatasi na uiweke mbali na kompyuta. Kuuhifadhi ndani ya kompyuta ileile hakutakusaidia kitu.

Kutengeneza nakala, kuanzia sifuri

Anza kwa kujua mali yako iko wapi. Kaa na karatasi upitie kazi zako za wiki nzima: unafungua programu gani, na kila moja inahifadhi wapi? Desktop, Documents na Pictures ni rahisi kukumbuka. Zinazosahaulika ni Downloads, alamisho na manenosiri ya kivinjari, barua pepe zilizoshushwa kwenye kompyuta, na data za programu za hesabu. Kwa hizo za mwisho, usibahatishe kwa kunakili folda tu huku programu imefunguliwa. Nyingi zina sehemu yake ya kutoa nakala katika menyu. Itumie, na faili linalotoka lihifadhi ndani ya Documents ili lichukuliwe pamoja na mengine.

Kisha chukua diski ya nje yenye nafasi walau mara mbili ya mafaili yako. Flashi inafaa kusafirishia, lakini kwa nakala za miaka mimi siiamini, kwa sababu ni rahisi kupotea na nyingine hufa bila dalili. Angalia diski imefomatiwa vipi. FAT32 haikubali faili moja lenye GB 4 au zaidi, kwa hiyo video ndefu zitagoma. NTFS ni nzuri kwa Windows peke yake, na exFAT ukitaka diski isomeke kwenye Windows na Mac zote mbili.

Kwenye Windows, chomeka diski, fungua Control Panel, ingia "File History", ichague diski yako na ubonyeze "Turn on". Zana hii ilikuja na Windows 8 mwaka 2012. Usipoibadilisha, kila saa inachukua matoleo mapya ya mafaili yaliyobadilika kwenye Desktop, Documents, Pictures, Music na Videos, na inayaweka matoleo ya zamani bila kuyafuta. Hilo la matoleo lina thamani kubwa. Ukiharibu jedwali Jumanne na kugundua Ijumaa, unahitaji lile la Jumatatu. Folda iliyo nje ya hizo haichukuliwi hadi uiingize kwenye maktaba mojawapo: bofya kulia juu ya folda na utafute "Include in library".

Kwenye Mac kuna Time Machine, iliyoanza mwaka 2007. Inahifadhi nakala za kila saa kwa saa 24 zilizopita, za kila siku kwa mwezi uliopita, na za kila wiki kwa miezi ya nyuma, na diski ikijaa inafuta za zamani kabisa. Ukishaichagulia diski, karibu kila kitu kingine inajifanyia.

Anayependa kushika usukani mwenyewe kwenye Windows atumie robocopy, amri ya kunakili iliyomo ndani ya mfumo, akiiandika kwenye Command Prompt:

robocopy C:\Users\jina\Documents E:\Nakala\Documents /E /XJ /R:1 /W:1

Badala ya "jina" weka jina la folda ya akaunti yako, na badala ya E herufi ya diski yako ya nje. /E inachukua folda zote za ndani hata zilizo tupu, na /XJ inaruka njia za mkato zinazoweza kuizungusha robocopy bila mwisho. Mbili za mwisho zinaiambia ijaribu tena mara moja tu baada ya sekunde moja. Usipoziandika, robocopy itakwama kwenye faili lililofungwa ikijaribu tena hadi mara milioni moja, kila jaribio likisubiri sekunde 30. Mara ya kwanza itachukua muda, lakini baadaye itanakili yaliyobadilika tu. Utaona watu wakishauri /MIR. Iogope hadi uielewe: inaifanya nakala ifanane na chanzo kabisa, kwa hiyo ulichofuta kwenye kompyuta kinafutwa na kwenye nakala. Na kwa kuwa robocopy inaandika juu ya toleo la zamani, tengeneza folda mpya yenye tarehe kila mwezi, mfano E:\Nakala-2025-06, usiwe na toleo moja tu.

Sasa ichomoe diski. Hatua hii inaonekana ndogo lakini ndiyo inayopuuzwa kuliko zote. Diski inayokaa imechomekwa mchana na usiku itafungwa na virusi pamoja na kompyuta, itapigwa na hitilafu ileile ya umeme, na itabebwa na mwizi yuleyule. Chomeka, acha imalize, itoe kwa utaratibu, iweke mbali. Utaratibu huu unakunyima ile nakala ya kila saa, nalo ni jambo la kupima mwenyewe. Kwa mtu anayeandika kutwa nzima, ningeshauri diski mbili, moja ikae imechomekwa kwa ajili ya File History na nyingine ichomekwe mara moja kwa wiki kisha ifungiwe.

Ya tatu ikae kwingine kabisa. Wapiga picha wengi hufuata kanuni ya 3-2-1, iliyoenezwa na mpiga picha Peter Krogh: nakala 3, kwenye aina 2 za vyombo, na 1 ikiwa nje ya jengo. Kwa wengi hiyo ya nje ni hifadhi ya mtandaoni kama OneDrive, Google Drive au Dropbox. Zitumie, ila uelewe kazi yake. Huduma hizi zinasawazisha, yaani kinachotokea kwenye kompyuta kinatokea na huko. Ukifuta, kinafutika kote, na ukikaa bila kugundua, kapu lake la takataka linamwagwa. Google Drive na OneDrive binafsi zinakiweka kilichofutwa siku 30. Nafasi ya bure nayo ni finyu, OneDrive ikitoa GB 5. Kwa asiye na intaneti ya kutosha, diski ya pili iliyowekwa nyumbani kwa ndugu na kubadilishwa kila mwezi inafanya kazi ileile vizuri kabisa.

Jaribu kurejesha kabla hujahitaji

Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, huduma ya mtandaoni ya kuhifadhi misimbo ya programu, alifuta kwa makosa folda ya hifadhidata kwenye seva kuu. Walikuwa na njia tano za kuhifadhi nakala, na hakuna hata moja iliyofaa ilipohitajika. Nakala za kila siku zilikuwa zikishindwa kwa sababu toleo la programu halikulingana na hifadhidata, na barua pepe za tahadhari zilikuwa zikikataliwa kabla ya kuwafikia. Kilichowaokoa ni nakala iliyochukuliwa kwa mkono saa sita kabla, kwa kazi nyingine kabisa. Hawa walikuwa wahandisi wanaoishi kwa kazi hiyo.

Kwa hiyo mara moja kwa mwezi fanya hivi. Nenda kwenye diski ya nakala, ukiwezekana kwa kutumia kompyuta nyingine. Chagua jedwali moja, picha moja ya zamani na hati moja ya wiki hii. Vinakili kwenye folda tupu na uvifungue humo. Usiridhike kuona majina ya mafaili. Shuka hadi safu ya mwisho ya jedwali uone kama tarehe ni za karibuni, na kuza picha uone kama imekamilika hadi chini. Faili la KB 0 lina jina zuri tu, ndani hamna kitu. Jaribu pia kurudisha toleo la zamani: bofya kulia juu ya faili ambalo umelibadilisha mara kadhaa, chagua "Restore previous versions", na ufungue moja la nyuma. Dakika kumi zinatosha.

Siku kompyuta ikigoma

Kama diski inagonga au kukwaruza, zima na usiwashe tena kwa majaribio. Usiendeshe chkdsk, amri ya Windows ya kukagua diski, juu ya diski inayokufa, maana kazi hiyo ya kuisomasoma yote inaweza kuimaliza. Ukiwa na nakala, badilisha diski na urejeshe. Usipokuwa nayo, mpe mtaalamu wa kufufua data.

Kama diski ni nzima ila Windows haifunguki, toa mafaili kwanza, kabla ya kugusa chaguo lolote la urejeshaji. Ipo njia inayopatikana bila kusakinisha chochote. Ingia kwenye mazingira ya urejeshaji, nenda "Troubleshoot", "Advanced options", kisha "Command Prompt". Ukiulizwa ufunguo wa BitLocker, toa ile karatasi. Andika notepad na ubonyeze Enter. Kwenye Notepad fungua "File", kisha "Open", na pale chini ubadilishe aina ya mafaili iwe "All Files". Dirisha hilo dogo sasa ni kipekuzi kamili cha mafaili. Chomeka diski ya nje, nenda kwenye folda ya Users, bofya kulia juu ya folda yako, chagua "Copy", kisha nenda kwenye diski ya nje na uchague "Paste". Herufi za diski huweza kuwa zimebadilika, ile uliyoizoea kama C ikawa D, kwa hiyo tafuta ile yenye folda ya Users yenye jina lako. Dirisha litaonekana limeganda kwa muda mrefu bila kuonyesha maendeleo yoyote. Liache. Linanakili.

Baada ya hapo panda ngazi taratibu, kutoka nyepesi kwenda nzito: Startup Repair, kisha Uninstall Updates kama tatizo lilianza baada ya sasisho, kisha System Restore, na mwisho kabisa Reset ukiwa na "Keep my files". Kama tatizo ni virusi vya kudai fidia, ruka zote hizo. Futa kila kitu, sakinisha Windows upya kutoka kwenye flashi iliyotengenezwa kwa kompyuta safi (GB 8 zinatosha), na usichomeke diski ya nakala hadi usakinishaji uishe na masasisho yaingie.

Mafaili yakisharudi, usifute chochote kwenye diski ya nakala hadi umetumia mashine wiki kadhaa na kuona hakuna kilichokosekana. Na siku hiyohiyo ya kurejesha, pitia upya mipangilio, kwa sababu usakinishaji mpya hauijui ile ya zamani. Washa File History na uichague diski yako, washa ulinzi wa mfumo na utengeneze pointi ya kwanza, kisha endesha tena ile amri ya manage-bde. Ufunguo wa BitLocker huenda umebadilika, na karatasi uliyonayo isiweze kufungua diski hii.